Miezi Mitatu

Baraza tunayokaa jioni mtaani kwetu Wete si baraza hasa. Ya mawe ilivunjwa mwaka 2021 ulipochimbwa mtaro. Waliochimba wakasema watarudi kuijenga, na mwenye nyumba akatuwekea mbao mbili juu ya matofali ya simenti. “Za muda tu hizi,” alisema. Tukakaa. Muuza kahawa akapata pa kutua dele lake, mambo yakaenda.

Juu ya mbao hizo ndipo nilipokuwa Disemba 2024, siku ya pili tangu Bashar al-Assad akimbie Damascus. Simu ya kijana mmoja imeegemezwa kwenye sinia la kashata, sote macho kwake. Habari ikasema wapiganaji walioingia mji mkuu wamemteua Mohammed al-Bashir aongoze serikali ya muda mpaka tarehe 1 Machi 2025. Mzee wetu mmoja, fundi cherehani aliyeacha kushona kwa ajili ya macho, akacheka hata kahawa ikamwagika.

“Miezi mitatu! Miezi mitatu hata mimba haijaonekana.”

Kisha akanigeukia mimi, maana ni mwalimu wa historia na hudhaniwa najua yaliyopita na yajayo: “Mwalimu, redio kashika nani?”

Nikamwambia siku hizi si redio tena, ni simu na setilaiti. Akanitazama kama anavyotazama suruali iliyokatwa vibaya. “Nakuuliza redio kashika nani. Na mchele anagawa nani. Hayo ya Machi yaache.”

Swali lile halikunitoka. Nimesomesha Mapinduzi ya 1964 miaka mingi, kwa mpangilio ule ule wa vitabu vya skuli: sababu, tukio, matokeo. Sijawahi kumwuliza mwanafunzi redio alishika nani.

Fundi alikuwa na miaka 14 wakati ule, hapa hapa Pemba, na Mapinduzi hakuyaona. Aliyasikia. Watu wa Unguja hulisahau hili. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12 Januari 1964 mambo yote yalikuwa kwao: Ziwani, Mtoni, watu wengi wao wana mapanga na marungu wakiingia kwenye maghala ya polisi na kutoka na bunduki. Sultani Jamshid akapanda meli akaondoka. Serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte, naye Mpemba, ikaanguka ikiwa na mwezi mmoja na siku mbili tangu ipate uhuru, na huku Pemba hapakusikika mlio hata mmoja. Kilichovuka bahari asubuhi ile ni sauti.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kujua John Okello alifananaje, lakini sauti yake aliweza kuiiga. Nzito, Kiswahili si cha visiwani, ikijiita Field Marshal na kutoa amri baada ya amri. Alipoiiga sisi watoto tulikimbia uani. Alikuwa akisema sauti ile iliwatia watu hofu kuliko bunduki, kwa sababu bunduki unajua iko wapi.

Na mtu yule hakuwa mgeni Pemba. Alitoka Uganda, na kabla ya kwenda Unguja aliishi kisiwani hapa akifanya kazi za uashi. Huenda kuna ukuta fulani aliujenga yeye, na mpaka leo watu wanauegemea bila kujua.

Basi turudi kwa redio. Katika siku zile za mwanzo ukiuliza nani anatawala Zanzibar, ungepata majibu mawili. Kwenye karatasi Rais ni Sheikh Abeid Amani Karume, kiongozi wa chama cha Afro-Shirazi, yaani ASP, Waziri Mkuu ni Abdallah Kassim Hanga, na mambo ya nje yuko Abdulrahman Babu. Kwenye masikio ya watu ni Okello. Majibu mawili hayawezi kuishi nyumba moja muda mrefu, na hapo ndipo linapoingia Baraza la Mapinduzi.

Likaundwa likiwa na watu wapatao 30. Ukiitazama orodha yake utaona si wenzi wa asili. Wamo wanasiasa wa ASP waliokomaa katika zama za siasa, wenye kura na makovu ya uchaguzi. Wamo vijana wa Umoja wa Vijana wa ASP, ambao ndio walioshika silaha na hawakusahau hilo hata siku moja. Wamo makomredi wa Babu wa chama cha Umma, chama kilichopigwa marufuku siku chache tu kabla ya Mapinduzi. Baadhi ya vijana wao walipitia Cuba, wakarudi na kofia na ndevu, hata magazeti ya nje yakavumisha kwamba Wakuba wameshuka Unguja. Kila kundi lilikuwa na sababu yake ya kuingia, na kila moja, nadhani, liliamini kwamba hayo mengine mawili ni ya kupita.

Baraza hilo lilishika vyote. Lilitunga sheria kwa dikrii, likazitekeleza, likachagua wa kuzisimamia. Hapakuwa na bunge la kulihoji. Kwa chombo kilichozaliwa usiku mmoja hili si ajabu. Ndivyo vyombo vya aina hii vinavyozaliwa popote. Unaangusha serikali, asubuhi kuna hospitali, kuna bandari, kuna polisi bila bosi, mtu lazima aamue. Sina ugomvi na asubuhi ya kwanza.

Ila angalia kasi. Machi 1964 Okello alipokuwa akirudi kutoka safari ya Bara aliambiwa hana nafasi tena visiwani. Hakupigwa risasi wala hakushitakiwa. Redio ilikuwa imeshapata wenyewe, na bila redio yeye alikuwa mwashi aliyetoka Uganda. Miezi miwili haikutimia. Umma nacho kikavunjwa, wanachama wake wakaingia ndani ya ASP. Tarehe 26 Aprili ukaja Muungano na Tanganyika, na Babu na Hanga wakajikuta mawaziri Dar es Salaam, ng'ambo ya maji, mbali na watu wao. Kuna namna ya kumwondoa mtu kwa kumpandisha cheo, na sijui kama kuna waliowahi kuifanya kwa ustadi kuliko pale.

Hebu hesabu: kutoka 12 Januari mpaka 26 Aprili, na mwaka ule Februari ilikuwa na siku 29, ni siku 105. Jamhuri ya Watu wa Zanzibar iliishi siku 105. Ndani ya siku hizo Baraza lililoanza na milango mitatu lilibaki na mmoja. Yaliyofuata yalikuwa kufunga makomeo. Hanga, Waziri Mkuu wa siku zile za mwanzo, alirudishwa Zanzibar mwaka 1969 na hakuonekana tena. Wengine waliokaa naye katika Baraza wakafuata njia hiyo hiyo. Sheikh Karume mwenyewe aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui, jioni, akicheza bao.

Wapo watakaoniuliza hapa: mwalimu, unasema mapinduzi au mavamizi? Maana huku kwetu ukitaja neno moja umepata marafiki fulani, ukitaja la pili umepata wengine. Mjadala huo una baraza zake, na kahawa yake. Mimi leo natafuta jambo dogo zaidi: chombo kile kilipaswa kuisha lini?

Nilipokuwa chuoni nilidhani jibu ni kwamba hapakuwa na tarehe. Kumbe tarehe zilikuwepo. Hati za Muungano, zilizotiwa saini Aprili 1964, zilisema ndani ya mwaka mmoja liitishwe Bunge la Katiba litakalotunga katiba ya kudumu ya nchi mpya. Mwaka mmoja, imeandikwa. Machi 1965, mwaka haujatimia, ikapitishwa sheria ya kuahirisha mpaka wakati utakapokuwa mwafaka. Badala yake ikaja Katiba ya Muda ya 1965. Hiyo ya muda ikaishi mpaka 1977. Watoto waliozaliwa siku ilipotungwa walianza skuli ya msingi nayo ikiwa bado ya muda.

Hiyo ni ya Jamhuri nzima. Zanzibar yenyewe, kwa mambo yake ya ndani, haikuwa na katiba hata hiyo ya muda. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa Julai 1963, ule ambao ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura na viti 13 kati ya 31, na jeraha lake ndilo moja ya sababu za yote haya. Baada ya hapo Wazanzibari hawakuchagua viongozi wao wenyewe mpaka 1980. Katiba ya kwanza baada ya Mapinduzi ni ya 1979. Baraza la Wawakilishi likakutana mara ya kwanza Januari 1980, na ndipo kazi ya kutunga sheria ikatoka mikononi mwa Baraza la Mapinduzi.

Mtu aliyedai kuwa amepokonywa ushindi kwenye masanduku ya kura ndiye aliyekaa miaka 16 bila sanduku la kura. Nikiwaambia wanafunzi hivi huwa wananyamaza kidogo. Kisha mmoja huuliza kama swali hilo litatoka kwenye mtihani.

Nikamrudia fundi na hesabu zangu za miaka. Hakushtuka. Akaniambia nimesahau mchele.

Hapo nikamwacha aseme, na aliyoyasema nayaandika hapa kwa maneno yangu kwa sababu yake yana matusi. Biashara ya nje ilikwenda serikalini, karafuu zetu zikanunuliwa na mnunuzi mmoja kwa bei yake, na mapema miaka ya 1970 uagizaji wa chakula ukabanwa. Mchele, unga na sukari vikawa vya kupimiwa. Fundi alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu, ameoa karibuni, akiamka alfajiri kwenda kushika foleni kabla ya kwenda kwenye cherehani. Siku nyingine aliacha kiatu chake kwenye foleni kimshikie nafasi. Muhogo ukawa ndio wali. Hakuna aliyesimama kwenye foleni ile akauliza Baraza linamaliza muda wake lini.

“Anayekupimia mchele,” alisema, “unamtazama mkono. Humtazami kalenda.”

Nimesoma maandishi mengi ya wataalamu kuhusu serikali za mpito, na sijakutana na sentensi inayolieleza jambo hili vizuri zaidi. Tarehe ya mwisho ya chombo cha wapiganaji haina nguvu kwa kuandikwa. Ina nguvu pale tu kuna mtu mwingine, nje ya chombo, anayeweza kuja mlangoni siku ile na kusema leo ndiyo leo. Zanzibar 1964 hapakuwa na huyo mtu. Vyama vingine vilikuwa vimefutwa. Magazeti yalikufa. Mahakama zilibadilishwa, hadi ikafika kuwa na Mahakama za Wananchi ambazo mawakili hawaruhusiwi kusimama. Dar es Salaam ilikuwa na sababu zake za kutogusa. Kalenda ilikuwa imetundikwa ukutani, ndani ya chumba cha mwenye nyumba.

Sasa nitasema upande wa pili, maana babu mzaa mama angenikasirikia nisiposema. Yeye alipata eka tatu. Alikuwa akilima shamba la mtu, akapewa lake, na mikarafuu juu yake. Elimu ikawa bure kuanzia Septemba 1964, na mama yangu akasoma. Bila hivyo mimi nisingekuwa mwalimu, ningekuwa napanda mikarafuu kama babu yake. Familia yetu ina watu waliopewa na waliopokonywa, na siku za Idi wote hukaa mkeka mmoja wakala pilau. Haya si mambo ya kupima kwa mizani moja.

Lakini hata eka tatu zile zina neno lile lile ndani yake. Ardhi ilikuwa mali ya serikali. Babu alipewa kutumia, hakupewa kuuza. Hati yake, karatasi iliyokunjwa mara nne na kutunzwa ndani ya kopo la maziwa, ilikuwa na masharti. Kwa sheria, alikuwa pale kwa ridhaa. Alizikwa kwenye shamba hilo na wajukuu wake wanabishana juu yake mpaka leo, na ofisi moja tuliyokwenda kuulizia imetuambia turudi wiki ijayo kwa muda wa miaka mitatu.

Tukitoka visiwani, Uganda ndiyo jirani wa kujifunzia, na si kwa sababu ya Okello tu. Mwaka 1979, vita vya Kagera vikielekea mwisho, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni viliitwa Moshi mwezi Machi vikaunda umoja, UNLF. Wakamchagua Yusuf Lule. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Kiganda wakaingia Kampala Aprili, Lule akaapishwa, na baada ya siku 68 akaondolewa na baraza lile lile lililomweka. Akaja Godfrey Binaisa, naye mwaka uliofuata akaondolewa na Tume ya Kijeshi. Uchaguzi ukafanyika Disemba 1980, mmoja wa walioshindwa akasema umeibwa, akaingia msituni.

Huyo aliyeingia msituni, Yoweri Museveni, alitoka Januari 1986 akiwa ameshika Kampala. Serikali ya kundi lake, NRM, ikajipa muda wa mpito wa miaka minne. Ikakaribia kuisha, 1989 ikaongezwa mitano. Katiba ikaja 1995, uchaguzi wa Rais 1996. Ukomo wa mihula ulioandikwa kwenye katiba hiyo ukafutwa 2005, na ukomo wa umri ukafutwa 2017. Ukipanga tarehe hizi kwenye mstari unaona ile miaka minne ikijinyoosha kama mpira. Nani angekuja mlangoni? Waliokuwa na bunduki ndio waliokuwa na chumba.

Fundi alifurahi sana niliposoma haya, kwa ile furaha ya mtu aliyethibitishiwa ubaya anaoujua. Nikaona nimpunguzie kwa Libya.

Baraza la Mpito la Libya liliundwa Benghazi mwanzoni mwa 2011, wakati Gaddafi bado yuko Tripoli. Mwenyekiti wake Mustafa Abdul Jalil. Gaddafi akauawa Oktoba. Wakaahidi uchaguzi, uchaguzi ukafanyika Julai 2012, na tarehe 8 Agosti, usiku wa Ramadhani, Baraza likakabidhi madaraka kwa bunge lililochaguliwa na kujivunja. Likaisha kweli. Nakumbuka nilivyoshangilia, nilikuwa mwalimu mchanga na nikawaambia wanafunzi wangu waandike tarehe hiyo.

Miaka miwili baadaye Libya ilikuwa na serikali mbili, moja mashariki na moja Tripoli. Kwa sababu kalenda iliheshimiwa lakini bunduki hazikukusanywa. Kila kundi lililopigana lilirudi kwao na silaha zake na mtaa wake, na bunge jipya likakabidhiwa jumba lisilo na funguo. Unguja ilikuwa kinyume kabisa: funguo zote zilikwishaingia mfuko mmoja ndani ya siku 105, na kalenda ikatupwa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho akauliza, kwa hiyo lipi bora? Nikamwambia sijui. Akasema yeye anajua: bora ni kuwa na mashua.

Nirudi nyumbani. Jambo linalowashangaza wageni, na sisi tumelizoea hata hatulisikii, ni kwamba Baraza la Mapinduzi halijaondoka. Washa televisheni jioni yoyote. Mtangazaji hatasema Rais wa Zanzibar akanyamaza. Atasema “Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi”, kwa pumzi moja, ndipo ataje jina. Serikali ni Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, imeandikwa kwenye milango ya magari na vichwa vya barua. Katiba ya 1984, hii tunayoitumia, haikulivunja Baraza. Ililipa ibara zake. Leo ni mkutano wa Rais, Makamu wake, mawaziri na wengine anaowateua. Kazi zake ni za baraza la mawaziri la kawaida: bajeti, miswada, ripoti za wizara. Hakuna mwenye panga. Lakini jina halikubadilika, na kila 12 Januari uwanjani tunaitikia “Mapinduzi Daima”. Daima, hebu fikiri. Neno la muda na neno la milele yamekaa kwenye kiti kimoja.

Lugha yetu yenyewe imelifanya jambo hili lipite kwa ulaini. Tunasema baraza ya kukalia na Baraza la kutawala. Herufi moja tu inatofautiana. Na baraza ya kwetu ni nini? Ni jiwe na chokaa, imejengwa na ukuta wa nyumba. Huwezi kuibeba ukahama nayo. Angalau wangeliita kamati.

Kuna siku moja, hata hivyo, jina lile liligeuka kichekesho kizuri, na hapa Pemba watu walikicheka kwa sauti ya chini. Julai 2010 tulipiga kura ya maoni kukubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, theluthi mbili hivi wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa, pakawa na Makamu wa Kwanza wa Rais kutoka chama cha pili kwa kura. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo nafasi hiyo ikashikwa na Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Mtambwe hapa. Makamu wa Kwanza, kwa katiba, ni mjumbe wa Baraza la Mapinduzi. Chama ambacho miaka yote kiliitwa cha wapinga Mapinduzi kikatoa mjumbe wa Baraza la Mapinduzi.

Maalim mwenyewe, tukumbuke, hakuwa mgeni ndani ya chumba kile. Alikuwa Waziri Kiongozi miaka ya 1984 hadi 1988 kabla ya kufukuzwa CCM. Lakini kwa wazee wa baraza yetu 2010 ilikuwa kitu kingine. Walikuwa wakimwona anaingia na watu wao nyuma yake. Mzee mmoja, sasa marehemu, alisema: “Baba yangu walimtoa, mimi wamenikaribisha chai.” Hakusema kama alifurahi. Alikuwa akitikisa kichwa na kutabasamu, na mpaka leo sijui ni kipi kilichokuwa cha kweli.

Labda ndivyo chombo cha wapiganaji kinavyoisha pale kinapokosa mtu wa kukiisha. Hakifungwi. Kinajazwa watu wengine taratibu mpaka kinakuwa kitu kingine chenye jina lile lile. Ilichukua miaka 46, na kilicholipwa katikati si kidogo. Pemba hakuna nyumba isiyo na mtu wa kukueleza. Ningependa njia fupi zaidi kwa watu wa Syria. Nasema hivyo bila kejeli.

Tarehe 1 Machi 2025 ilitukuta kwenye habari za mwezi, nani amefunga na nani bado anasubiri tangazo, kwa hiyo mwisho wa ile miezi mitatu ulipita bila mtu kuukumbuka. Mimi ndiye niliyekumbuka, baadaye, baada ya tarawehe. Kufikia hapo makamanda walikuwa wameshamtangaza Ahmed al-Sharaa kuwa Rais wa mpito, na tarehe 13 Machi akasaini tamko la katiba: mpito ni miaka mitano. Niliwasomea pale pale kwenye simu.

“Mitano,” fundi akasema. Safari hii hakucheka. Aliuliza bei ya unga Damascus. Hakuna aliyejua.

Wiki iliyofuata mwenye nyumba alileta mifuko miwili ya simenti na mchanga, akaita fundi mwashi, na baraza ya mawe ikarudi, nzuri, imepigwa plasta laini, na upande wa ukutani pakawekwa mgongo wa kuegemea. Siku ya Idi ilikuwa tayari imekauka. Tulipofika jioni wazee walikuwa wamekaa kwenye mbao. Jiwe baridi, walisema, na mbao wameshazizoea. Fundi akasogea kunipa nafasi, akaniuliza kama zile mbao mwenyewe atazihitaji.